Mstari si Sifuri

Kansanga, Jumamosi alasiri

Okot mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale penye basi, kama machozi yataniruhusu. Sasa hivi umekwenda Ggaba kununua samaki niliokutuma, na najua hutarudi upesi, maana lazima uwaage rafiki zako wote kama mtu anayehamia mwezini. Mbarara ni mwendo wa asubuhi moja tu, baba. Lakini nafasi hiyo ndiyo niliyoitaka. Samaki wenyewe hatukuwa na haja nao sana.

Mambo ya chandarua, sabuni, na kutokulala bila kufunga mlango, baba yako ameshakuagiza kwa simu kutoka kazini kwake Moroto, mara tatu, kwa sauti ya gwaride. Sitayarudia. Mimi nakuandikia juu ya mitihani. Usicheke. Umeniona miaka yote nikigombana na vijitabu vya majibu kwenye meza hii hii tunayolia chakula, kalamu nyekundu mkononi, hata ukasema, "Mama, hawa watoto wa watu watakuua." Basi nimesahihisha watoto wa watu miaka kumi, na sasa wangu anakwenda chuo kusahihishwa na mtu nisiyemjua. Ni haki yako ujue yaliyoko upande huu wa meza. Na kuna jambo moja langu mimi mwenyewe ambalo sijawahi kukuambia. Nitalifikia. Nikianza nalo, kalamu itakwama.

Wanafunzi wengi wanadhani mtihani ni ile siku ya mtihani. Sivyo. Vyuo vyetu vingi vinagawa alama mia za somo: arobaini hivi zinatoka kwenye kazi za muhula, yaani majaribio ya darasani na zile kazi mnazopewa kwenda kuandika, na sitini zinatoka kwenye mtihani wa mwisho. Chuo chenu huenda kinagawa vingine. Uliza wiki ya kwanza. Sasa piga hesabu mwenyewe. Aliyepata thelathini na mbili kwenye kazi za muhula anaingia chumba cha mtihani akitafuta kumi na nane tu ili afike hamsini ya kufaulu. Aliyepata kumi na moja anatafuta thelathini na tisa. Karatasi ni ile ile, saa ni zile zile, lakini mmoja anaandika huku anapumua na mwingine anaandika huku jasho linamtoka. Na huyo wa pili akianguka utamsikia kantini anasema mwalimu ana roho mbaya.

Halafu kuna ule wastani wa jumla unaokokotolewa kila muhula mpaka mwisho. Wapo wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mji, kazi itaanza mwaka wa pili. Banange, jamani! Somo la mwaka wa kwanza linakaa kwenye wastani huo mpaka siku unavaa joho. Nimewaona vijana wakali, mwaka wa tatu wanasoma mpaka macho mekundu, na hawafikii daraja la kwanza kwa sababu ya masomo mawili waliyoyachezea walipokuwa wanazoea mji.

Sasa nikuambie ninavyosahihisha. Wewe unadhani nakaa nasoma majibu yako kama msichana anavyosoma barua ya mchumba wake. Sina muda huo. Nina vijitabu mia na themanini, mkuu wa idara ananiuliza kila asubuhi nimefika wapi, na pembeni nina karatasi inaitwa mwongozo wa kusahihishia. Mwongozo unasema: hoja hii alama mbili, mfano alama moja, hatua hii ya hesabu alama moja. Mimi natafuta hoja. Nikiiona naweka alama, naendelea. Ukiizika katikati ya ukurasa wa maneno matamu naweza kuipita, na hilo litakuwa kosa letu sote wawili, ila maumivu yatakuwa yako peke yako. Kwa hiyo hoja iwe mbele, maelezo yafuate, na kila swali lianze ukurasa mpya.

Usome swali linataka nini. Wakisema orodhesha, orodhesha. Wakisema linganisha, vitu viwili vikae vinatazamana. Nilikuwa na binti mmoja, hodari kweli, aliulizwa ataje sababu nne za bidhaa kuharibika ghalani kwa alama nne. Akaandika kurasa mbili juu ya panya. Panya tu! Alijua habari za panya kuliko panya wenyewe. Nilimpa alama moja, na nilisikitika, maana sababu nyingine tatu nilijua anazijua.

Na ukiambiwa ujibu manne kati ya sita, jibu manne. Ukijibu matano, ninasahihisha manne ya kwanza na la tano nalipita hata kama ndilo ulilolijua kuliko yote. Lakini ole wako ujibu matatu. Katika swali la alama ishirini, zile kumi za kwanza ni rahisi kuliko mbili za mwisho. Mtu anang'ang'ana saa nzima kutafuta alama ya kumi na tisa kwenye swali analolipenda, na swali la nne limebaki jeupe, lenye alama kumi za bure zisizo na wa kuziokota. Tazama saa. Swali likikukatalia, acha nafasi, nenda mbele, utalirudia.

Kwenye hesabu, onyesha njia. Jibu la mwisho likiwa na kosa lakini njia ni sahihi, mwongozo unaniruhusu kukupa sehemu kubwa ya alama. Jibu tupu lisilo na njia, likikosea, sina pa kukushikia. Na ukitaka kufuta, chora mstari mmoja mwembamba, uache. Kuna kijana alifuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Niliinua kile kijitabu kwenye mwanga wa dirisha, nikaona alichokifuta ndicho kilichokuwa sahihi. Sikuweza kufanya kitu. Nilikwenda kujipikia chai.

Wengine wanaandika maombi. "Mwalimu nihurumie, mama yangu ni mgonjwa." Hili nililikuta ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo ndogo. Okot, roho iliniuma. Lakini mwongozo hauna alama ya mama mgonjwa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ipo kanuni ya kuahirisha mtihani kwa mtu mwenye shida kama hiyo. Angekuja ofisini siku mbili kabla, akasema hayo hayo aliyoniandikia, ningemshika mkono mwenyewe mpaka kwa mratibu. Hakuja. Alimwambia yule asiyeweza tena kumsaidia.

Lakini mimi sina haki hata kidogo ya kumlaumu. Haya, tumefika.

Juu ya kijitabu cha majibu huandiki jina. Unaandika namba yako ya usajili, ili msahihishaji asijue ni mtoto wa nani, kabila gani, dini gani. Ni utaratibu mzuri. Mimi utaratibu huo ndio ulioniangusha, au tuseme nilijiangusha nao.

Unajua nilikulia kambi ya polisi, upande wa Ntinda, kwenye zile nyumba za bati za duara. Babu yako alikuwa sajenti. Kambini sisi watoto hatukuwa na majina, tulikuwa na namba ya baba. Ukienda zahanati ya kambi, hawakuulizi unaitwa nani, wanauliza, "Namba ya mzee?" Unaitaja, wanaiandika, unapata vidonge. Kwenye foleni ya posho, namba. Kwenye sahani tulizopeleka harusini, namba imepakwa chini kwa rangi. Hata hilo sanduku la bati unaloondoka nalo kesho, si unaiona namba? Niliijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Na tulifundishwa jambo jingine. Mlango wa afande haugongwi. Ukiitwa unakwenda, usipoitwa unakaa. Babu yako alikuwa na msemo wake: "Amri ukiona haieleweki, isome tena, kosa ni lako." Na namba ikibandikwa ubaoni pale kambini, watu wanashusha sauti. Maana yake mwenye namba ana mashtaka.

Nilikuwa muhula wa mwisho wa diploma ya ugavi na utunzaji wa ghala, kwenye chuo kimoja hapa hapa Kampala. Somo la takwimu. Asubuhi ya mtihani mjomba wako Odoki, wakati huo mdogo, aliamka na homa, na mama alikuwa amesafiri kwenda kwao. Nikambeba mpaka zahanati. Fomu ya kwanza, namba ya mzee. Fomu ya maabara, namba ya mzee. Kikaratasi cha dawa, namba ya mzee. Nikamrudisha, nikamwacha kwa jirani, nikakimbia. Nilifika mtihani umeshaanza robo saa. Wakanipa kijitabu, nikatia sahihi ya mahudhurio, na penye kisanduku cha namba mkono wangu ukaandika wenyewe. Namba ya babu yako, Okot. Namba ya polisi. Sikuona. Nikafungua swali la kwanza, nikaandika mpaka mwisho, na nilitoka pale nikijua nimefanya vizuri.

Matokeo yalipobandikwa, masomo yote yalikuwa na alama. Penye takwimu, mbele ya jina langu, palikuwa na mstari mfupi. Alama hakuna. Pembeni ya orodha kulikuwa na karatasi nyingine iliyoandikwa kwa mkono: "Mwenye namba hii afike kwangu haraka," sahihi ya mwalimu Byaruhanga wa takwimu. Na namba yenyewe ilikuwa ya baba yangu.

Leo hata mtoto wa darasa la saba angeshtuka akaelewa. Mimi sikuelewa. Niliona vitu viwili: mstari kwangu, na baba yangu anaitwa. Kichwa cha kambini kikaunganisha. Nimepata sifuri, sifuri mbaya hata hawataki kuiandika, na chuo kinamwita mzee aje ajibu. Labda wanadhani aliniingiza chuoni kwa cheo chake. Labda watampelekea mkuu wake. Sikuwaza walikoitoa namba yake. Sisi namba ya mzee iko kila mahali, kwa nini isiwe na huko? Nilifanya nini? Nilitazama kushoto na kulia, nikaibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye kiatu. Nikaenda nyumbani. Mzee akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Nimemaliza." Akachinja mbuzi. Laini nzima, nyumba zote za safu yetu, walikula.

Mahafali nilisema nina malaria.

Nilifanya kazi ghalani miaka tisa, kwenye supamaketi moja ya Ntinda, nabeba, nahesabu katoni, huku vijana wenye vyeti wanakuja wananipita, wanakuwa wasimamizi wangu. Wengine niliwafundisha kazi mwenyewe. Baba yako alinioa akijua nina diploma. Wewe ulizaliwa mama yako akiwa mwongo. Nilikuwa nikiulizwa cheti nasema kiliungua. Wee! Ukianza kudanganya kitu kidogo, lazima ukitafutie na moto wa kukiunguza.

Halafu nikapata kazi chuoni huku Kansanga, mtumishi wa ofisi ya mitihani. Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya vijitabu na kupanga kwa namba. Bosi wangu alikuwa Bi Namutebi, mwanamke mnene, mcheshi, mkali kama pilipili. Wiki ya kwanza ananisomea orodha niiandike, akafika kwa kijana mmoja akasema, "Huyu weka mstari." Nikasema, "Masikini, amepata sifuri." Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakwambia? Mstari si sifuri. Sifuri ni alama, mtu kaipata kwa jasho lake. Mstari maana yake alama yake haijanifikia. Mwalimu anayo, au kijitabu kimepotea, au mwenyewe kakosea namba. Atakuja hapa, tutatafuta, tutaipata. Kila muhula wanakuja kumi, ishirini."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, mimi nitajuaje?"

Niliendelea kuandika, lakini sikuweza kuona mistari ya karatasi. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa mle mpaka akatuma mtu.

Ilinichukua miezi miwili mingine kwenda kwenye chuo changu cha zamani. Kwa nini miwili? Woga, basi. Kule wakaniambia mwalimu Byaruhanga amestaafu, anakaa Ggaba, anafuga kuku. Nikamfuata. Getini kwake nilisimama nikihesabu kuku wanaoonekana chini ya geti, nikamaliza, nikahesabu tena. Nikagonga. Akatoka mzee mwembamba mwenye ndala. Sikusema jina. Nilimtajia namba ya babu yako.

Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani kilikuwemo kijitabu changu. Mwandiko wangu wa usichana. Na juu, kwa kalamu nyekundu, hamsini na mbili kati ya sitini.

"Kijitabu kisicho na mwenyewe hakifungwi pamoja na vya wenzake," akasema. "Nikakiweka. Nilijua ni chako, mama. Wanafunzi wote wana kijitabu isipokuwa mmoja, na kijitabu kimoja hakina mwanafunzi. Lakini mtihani hausahihishwi kwa kudhani. Nilihitaji uje useme kwamba ni chako, uandike mistari miwili mbele yangu nilinganishe mwandiko, utie sahihi. Robo saa tu. Nilibandika tangazo, likabanduliwa. Nikabandika la pili, wewe hukurudi tena chuoni. Kwa nini hukuja?"

Nikasema, "Sikujua kama inaruhusiwa kuja."

Robo saa, Okot. Miaka tisa ya katoni kwa ajili ya robo saa.

Chuo kilikaa vikao vyake, wakalinganisha mwandiko, wakaomba barua, wakaomba barua nyingine, na mwisho wakanipa diploma yangu. Nikasoma jioni mpaka shahada, nikawa mwalimu. Hayo unayajua. Usichokijua ni siku nilipokwenda kumwambia babu yako. Alikuwa ameshastaafu, anakaa kwenye kiti chake nje, redio begani. Nilipiga magoti nikamweleza yote, mbuzi, malaria, karatasi ndani ya kiatu. Alinisikiliza mpaka mwisho na uso wake wa sajenti. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliyefaulu takwimu ni mimi." Akacheka mpaka redio ikaanguka.

Baadaye akaiokota. Akaniuliza, "Uliponiona nimeitwa, kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Nilikuwa nakulinda, mzee."

"Ningekwenda," akasema. "Ningepiga pasi sare, ningepaka viatu rangi, ningekwenda siku ile ile." Na machozi yakamtoka, babu yako, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani. "Mficha uchi hazai, binti yangu. Ni mimi niliyekufundisha kutogonga mlango. Niliogopa maafande miaka thelathini, nikadhani nakufundisha adabu."

Tangu siku ile nilijiapia mtoto wangu hatarithi hilo. Nikakusomesha, nikakutukana ulipostahili, nikadhani nimefaulu. Mpaka mwezi uliopita.

Unakumbuka ilipokuja ile karatasi ya kukubaliwa chuo? Ulikuwa umeomba uhandisi wa umeme, chaguo la kwanza. Mtaa mzima unajua nani anayetengeneza pasi zao na redio zao. Karatasi ikaja na chaguo lako la tatu, usimamizi wa biashara, na rafiki yako Mugisha, ambaye alama zake tunajua ziko chini ya zako kwa sababu mlizilinganisha hapa sebuleni, akapewa umeme huko huko. Nikakuuliza, "Sasa?" Ukaikunja karatasi mara nne, ukasema, "Ndicho walichonipa, Mama." Kwa heshima kabisa. Ukaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Mwanangu, nilijiona mwenyewe na kiatu changu. Ile sauti yako ilikuwa yangu mbele ya ubao.

Sijui kama wamekosea. Labda umeme waliangalia somo fulani la fizikia wakakupima vingine. Labda nafasi zilijaa. Labda mtu alikosea tarakimu moja, nami najua tarakimu zinavyokosewa. Mimi na wewe tukikaa hapa Kansanga tutadhani mpaka wiki ijayo. Anayejua yuko ofisini kwa msajili, na wiki mbili za mwanzo wa muhula vyuo vingi vinapokea maombi ya kubadilisha kozi. Baada ya hapo mlango unafungwa kweli.

Najua unalotaka kusema. "Mama, wewe ni mwalimu, unajua watu, si upige simu?" Nimeishika simu mara nyingi wiki hii. Kuna mtu nilisoma naye shahada, yuko Mbarara. Namba yake nimeitafuta, nimeiona, nimeifunga. Nikikugongea mlango huu, muhula ujao alama yako ya jaribio haitaonekana kwenye orodha, utanipigia tena. Na mwaka wa tatu utanipigia. Na siku nikiwa sipo, utaikunja karatasi mara nne.

Kwa hiyo nimefanya yale ambayo mtumishi wa ofisi ya mitihani anaweza kufanya. Kwenye faili la bluu, juu kabisa ya nguo sandukuni, nimeweka nakala mbili za matokeo yako, ile karatasi ya kukubaliwa (niliikunjua nikaipiga pasi), na ile fomu ya kwanza inayoonyesha ulichoomba. Barua sijakuandikia; utaiandika mwenyewe, sentensi nne zinatosha: mimi ni nani, niliomba nini, nilipewa nini, naomba kujua sababu. Usimtaje Mugisha. Usilie, usigombe. Wakikwambia rudi kesho, uliza saa ngapi na umwone nani, andika jina lake. Wakisema hapana, uliza hapana hiyo imetokana na nini. Hapana yenye sababu unaweza kuishi nayo, hata biashara utaisoma kwa moyo mmoja. Ile ya kujitungia mwenyewe ndiyo iliyonila miaka tisa.

Na hivyo hivyo kwa alama zako zote. Tia sahihi ya mahudhurio. Weka nakala ya kila kazi unayokabidhi. Matokeo yakitoka, soma mstari wako wote, na ukiona pengo, nenda siku ile ile. Walimu hatuchukii mwanafunzi anayekuja kuuliza kwa adabu. Kusema kweli tunamkumbuka kwa uzuri. Aliyeandika maombi kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho ndiye anayetunyima usingizi.

Namba ya babu yako kwenye sanduku sikuifuta. Ni sanduku lake. Lakini chini yake nimepasugua vizuri, pamebaki wazi, na kikopo cha rangi nyeupe kimo ndani pamoja na brashi. Ukipewa namba yako ya usajili, iandike pale kwa mkono wako, uikariri mpaka uitaje usingizini.

Nakusikia getini, unabishana na mtu wa boda. Inaelekea samaki wamefika. Nitaficha hii ndani ya faili uikute huko, maana ukiisoma hapa mbele yangu nitaona haya, na mimi bado ni mama yako.

Jumatatu ofisi zinafunguliwa saa mbili na nusu. Utaogopa, na ni sawa. Mimi nilihesabu kuku. Hesabu unachokiona pale, kisha gonga. Usinipigie kabla hujaingia, sitapokea. Simu nitakuwa nimeishika mkononi, nitaitazama, na sitapokea.

Nipigie ukitoka.

Mama yako